Mteremko wa Mlango wa Mbele

Tangu nistaafu, simu ikilia asubuhi bado naitazama kwanza kabla ya kuishika. Mke wangu hunicheka. Husema, "Athmani, ofisi umeshaiacha. Nani atakayekupigia akugombeze?" Miaka yote niliyoliandikia jarida la Upenu, siku toleo jipya lilipofika mikononi mwa watu ndiyo siku niliyokuwa sili nikashiba. Mwandishi wa gazeti la kawaida akiusifu mkahawa mbaya, msomaji atanuna na kulipa. Msomaji wetu akisoma kwamba mlango fulani unapitika, huoga, huvaa, hukodi gari, hutoka nyumbani kwake na kiti chake cha magurudumu. Akifika mlangoni ndipo ajuapo kama tulisema kweli.

Nyinyi mnaobaki mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Mishahara na vyeo mtavisikia kwa wengine, na kwa kweli hakuna kikubwa cha kusikia. Mimi nitaandika yale ambayo yangenifaa kuyajua mapema.

Nilikuja Kisauni nikiwa na cheti cha kidato cha nne, mguu mmoja uliodhoofishwa na polio, na gongo moja. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa ghala Changamwe, na nilidhani kuandika ni kuandika tu. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya chini katika nyumba ya ghorofa, na mhariri alikuwa marehemu Bwana Kombo, mtu asiyeona tangu ujana wake. Nilitarajia wasomaji wetu ni watu wa kuhurumiwa. Nikakuta jarida la mapishi, mavazi, ndoa, matembezi na namna ya kupanga chumba kidogo, vile vile kama jarida lolote la nyumbani, ila liliandikwa kwa watu ambao majarida mengine huwasahau.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mapishi ya mkate wa sinia. Niliandika vizuri, kwa mwandiko safi, na nikamalizia kwamba mkate uokwe mpaka uwe rangi ya kahawia. Msichana wa mapokezi akamsomea Bwana Kombo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniita.

"Hiyo kahawia inanukaje?"

"Samahani, bwana?"

"Nauliza, inanukaje. Mimi mke wangu kasafiri, nina unga, nina nazi, nina sinia. Nitajuaje kama mkate wangu umekuwa kahawia? Nimwite jirani aje aniambie rangi?"

Nilirudi nyumbani nikasimama jikoni jioni kadhaa, macho nimeyafumba, mke wangu akioka na kunung'unika kwamba nimerukwa na akili. Ndipo nilipojua kwamba harufu ya iliki hutangulia, kisha nazi huanza kunukia kama imekaangwa, na mkate ukiwa tayari kando zake huachana na sinia, ukiligonga kwa kijiko sauti hubadilika. Nikaandika hivyo. Bwana Kombo hakunisifu. Alisema tu, "Haya, sasa nimekula."

Chombo cha kazi alichonipa kilikuwa futi, ile ya chuma ya kujikunja ambayo mafundi huitia mfukoni. Alitaka kila mlango tuupime wenyewe na tusimwamini mwenye nyumba, kwa sababu mwenye nyumba kwake kila mlango ni mpana. Baadaye simu zilipoanza kusoma maandishi kwa sauti, aliacha kumsumbua msichana wa mapokezi, ingawa ile sauti ilikisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka ndege asubuhi hiyo. Nilipoandika sentensi ndefu mno ilikuwa ikikata pumzi mahali pabaya, naye akiniambia, "Athmani, mtalii wako leo amechoka njiani." Nikajifunza kufupisha.

Kosa langu la tangu mwanzo alilijua kabla yangu. Mtu wa gongo kama mimi ngazi hazimtishi sana. Nashika ukuta, napanda. Kinachonitisha ni vigae vilivyolowa, maana gongo huteleza na mtu akajikuta chini. Basi kila nilipotembelea mahali niliandika juu ya vigae. Vigae vya msikiti, vigae vya mkahawa, vigae vya hospitali. Bwana Kombo akasema, "Umeleta tena barua ya mguu wako. Wenye miguu mingine nao watasoma nini?" Nililicheka neno lile, nikaliona la mzaha. Nilifikiri nikishapima milango kwa futi nitakuwa nimeliponya kosa hilo.

Zilikuwako siku nzuri pia. Palikuwa na msomaji aliyelalamika kwamba buibui lake huingia kwenye gurudumu kila akitoka, akafika sokoni limechanika. Tukampata fundi mmoja Changamwe aliyekubali kulikata upya. Mtu yule aliomba akae yeye mwenyewe kwenye kile kiti siku nzima, akashona huku amekaa, akagundua kwamba nguo ya mtu aliyekaa haiwi nguo ya aliyesimama iliyofupishwa. Nyuma hupunguzwa, mbele huongezwa, mikono huwekewa kifungo. Tulipotoa makala yale wanawake walimjia kutoka Likoni mpaka Junda, na fundi akanilaumu kwamba nimemharibia Ramadhani kwa wingi wa kazi. Ni lawama niliyoipenda.

Miaka ilivyokwenda nikapewa ukurasa wangu wa kutembelea mahali. Hoteli, saluni, kumbi za harusi. Ndani ya ofisi alikuwa ameshaingia Rukia, msichana wa Ziwa la Ng'ombe, mfupi wa kimo, aliyeandika kurasa za urembo. Ulimi wake ulikuwa mrefu kufidia kimo. Aliniita Ami, na heshima yake iliishia hapo.

Toleo la harusi ndilo ninalotaka kuwaeleza, na nitalieleza polepole.

Ukumbi wenyewe uko Kisauni, kando ya barabara. Jina lake halina haja, kosa halikuwa lao. Nilikwenda asubuhi, siku isiyo na shughuli. Msimamizi akanifungulia mlango wa mbele. Palikuwa na mteremko mzuri wa saruji, si mkali, una ukuta wa kushika. Nikatoa futi nikaupima mlango, ukapitisha kiti chochote. Choo, kipana. Vigae, vikavu. Nikamwuliza msimamizi, "Na harusi za wanawake hufanywa humu humu?" Akajibu, "Humu humu, mzee." Hakusema uongo.

Rukia aliponiona naandika, akaja akasimama mezani kwangu.

"Ami, umekwenda mchana?"

"Asubuhi."

"Kupamba hakuwi asubuhi ukumbi ukiwa mtupu. Ningoje. Wiki ijayo pana kupamba pale, nimealikwa. Niende nikaone watu wakiwamo."

"Jarida laenda kwa mpiga chapa kesho, Rukia. Na mlango hauongezeki wala haupungui watu wakiingia."

"Haya," alisema. "Wewe ndiwe mwenye futi."

Kwa msomaji asiye wa huku kwetu, nieleze. Kupamba ni shughuli ya wanawake peke yao. Bi harusi huketishwa mahali pa juu amepambwa, na wanawake humtazama. Ndani huvua mabuibui, na nguo zinazovaliwa chini yake ni za kuonwa na wenzao tu. Mwanamume haingii. Kwa hiyo mimi, katika maisha yangu yote, sikuwahi kuuona ukumbi wa harusi ukiwa na harusi ya wanawake ndani yake. Jambo hilo lilikuwa wazi kama jua na sikulifikiria hata mara moja. Niliandika sentensi ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Mama mwenye kiti cha magurudumu ataingia kwenye kupamba kwa binti yake bila kubebwa na mtu."

Jarida likatoka. Baada ya siku chache simu ikalia, nikaitazama kwanza kama kawaida. Alikuwa mwanamke wa Likoni, Bi Zuhura, sauti ya upole.

"Mzee Athmani, shikamoo."

"Marahaba, bibi."

"Nimekusoma. Nataka kukuuliza, lile neno la kubebwa, ni kweli?"

Nikamwambia mlango nimeupima mwenyewe. Ndipo akanieleza. Kwenye harusi ya mpwa wake walimpandisha ngazi vijana wanne, amekaa kwenye kiti cha plastiki, buibui limepanda mpaka magotini, leso imeanguka, na watu wakipiga makofi kwa furaha. Kutoka siku hiyo aliapa hatobebwa tena mbele ya watu. Sasa alikuwa na binti mmoja tu, Mwanamkuu, na siku yake imekaribia. Alikuwa ameshamwambia binti huyo kwamba ikiwa pana kubebwa, yeye atabaki nyumbani na kumwombea dua.

"Nimewaambia waukodi ukumbi huo huo," alisema. "Na nimekwenda kwa yule fundi wenu Changamwe. Kanishonea nguo ya kukalia, ya nyuzi za zari zinazong'aa. Tangu niugue sijavaa nguo nikataka kuonwa. Hiyo nataka nionwe nayo."

Nilifurahi. Nilimsimulia Bwana Kombo, nikamsimulia mke wangu. Mtu huandika miaka mingi apate simu kama ile.

Siku yenyewe shughuli ilikuwa ya alasiri. Rukia alialikwa, maana Bi Zuhura aliialika ofisi nzima upande wa wanawake. Kwenye kupamba kule kwa awali hakwenda tena, maana makala yalikuwa yameshachapwa. Alikwenda mapema baada ya sala ya adhuhuri. Mimi nilikuwa mezani nikisahihisha mapishi aliponipigia.

"Ami, ule mteremko wako uko mlango gani?"

"Wa mbele."

Nyuma yake nilisikia watu wakigongagonga mbao.

"Wa mbele umepigwa jukwaa."

"Umepigwa nini?"

"Jukwaa, Ami. Kiti cha bi harusi kimeegemezwa mlangoni, mapazia mpaka juu. Huko mbele ni barabarani, wa bodaboda wamejaa. Nani atakayeacha mlango wazi wanaume wawachungulie? Kila kupamba hufanywa hivi hivi, nimeuliza. Twaingia kwa nyuma, uani."

"Nyuma kukoje?"

"Ngazi. Za zege, ndefu ndefu. Mie nimepanda nikishika kwa mikono."

Bwana Kombo alikuwa amesikia kila neno kutoka meza yake. Alisema, "Mpigie yule mama sasa hivi."

"Nitampigia nikishajua la kumwambia."

"La kumwambia unalijua. Unalotafuta ni la kujiambia wewe."

Sikupiga. Hili nataka mlisome vizuri. Kosa la mlango lilikuwa la ujinga, na ujinga mtu husamehewa. Lakini wakati ule nilikuwa najua, na Bi Zuhura alikuwa bado nyumbani kwake Likoni, angeweza kuchagua. Mimi nikataka kwanza nipate dawa, ili nimpigie nikiwa mkombozi badala ya mkosaji. Nikamwita Mutua, mpiga picha wetu ambaye pia alikuwa dereva, tukatoka mbio.

Uani kwa ukumbi ni kichochoro. Ngazi zinapanda kisha zinapinda mara moja kuingia mlangoni. Nilikuwa nimefikiria mbao. Mutua alizitazama zile ngazi, akavuta midomo.

"Mzee, hapa hata ukiweka mbao, hiyo kona utaikata na nini? Hapa hata pikipiki itarudi kinyumenyume."

Mpambaji akatoka mlangoni amejifunga leso kifuani, pini zimebanwa kwenye midomo. Nilimwomba alisogeze jukwaa.

"Lisogezwe na nani, baba? Lile laingia na wanaume sita. Wanawake washaanza kuvua mabuibui mle ndani. Niwaingizie wanaume?"

"Hakuna njia yoyote?"

"Ungekuja jana," alisema, si kwa ubaya. "Jana ningekuwekea hata juu ya dari."

Hapo ndipo nilipopiga simu. Kwa haraka nikabonyeza jina la mtu mwingine kwanza. Bi Zuhura alipopokea nilisikia honi na kelele za watu.

"Bibi, pana jambo dogo la mlango."

"Dogo kiasi gani?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirudiarudia habari za msimamizi, kana kwamba ni yeye aliyeandika. Alipojua yote alisema, "Mimi nimeshavuka feri, mzee. Niko mjini." Kisha simu ikakatika.

Walifika kabla ya watu kwisha kuingia. Alikuwa na dada yake, Bi Mwanaidi, na vijana wa nyumbani waliofuata na gari jingine. Walimteremsha kwenye kiti chake pale kichochoroni. Buibui lilikuwa limekatwa vizuri, halikugusa gurudumu, na kwenye kifundo cha mkono ilionekana zari kidogo. Alizitazama ngazi muda mrefu. Vijana wakaanza kukunja mikono ya kanzu zao.

"Mama, ni dakika moja tu."

"Hata nusu yake," alisema.

"Hakuna atakayekuona, mama."

"Mimi nitajiona."

Dada yake akamwinamia akamnong'oneza, nadhani alimsihi kwa ajili ya binti. Bi Zuhura akatikisa kichwa. Nilikuwa nimesimama nimeliegemea gongo langu nikingoja anigeukie, na niliogopa zaidi kwamba hatanigeukia. Akanigeukia.

"Mzee Athmani. Ule mteremko, upo?"

"Upo, bibi."

"Nionyeshe."

Tukazunguka mpaka barabarani. Nilitangulia mimi, yeye nyuma akisukumwa na dadake. Vijana wa bodaboda wakatupisha. Mteremko ulikuwa kama nilivyouandika. Kiti kilipanda bila taabu hata kidogo, na wallahi ningependa kingekwama. Nilisukuma ubao mmoja wa mlango. Ndani palikuwa na giza, mgongo wa jukwaa, misumari, nyaya za taa, maboksi ya maua. Kati ya mlango na mbao palikuwa na nafasi ya kukitosha kiti na si zaidi.

Bi Zuhura aliitazama ile nafasi. Upande wa pili tulisikia wanawake wakicheka na ngoma ikijaribiwa.

"Niingize," alimwambia dadake.

Bi Mwanaidi akayasogeza maboksi, akamwingiza, akazunguka kwenda kuingia kwa nyuma. Nikabaki mimi mlangoni. Bi Zuhura alikuwa amenipa mgongo, uso wake ukielekea mbao.

"Funga, mzee," alisema. "Mwanga utaonekana kwenye pazia."

Nikaufunga mlango. Nilikaa chini pale pale kwenye mteremko mpaka adhana ya magharibi, Mutua amekaa kando yangu. Vigelegele vilipopigwa sikujua ni vya nini.

Yaliyokuwa ndani nilisimuliwa na Rukia. Bi harusi aliletwa, akaketi, macho chini kama inavyotakiwa. Mama yake aliita jina lake kutoka nyuma ya kitambaa, mara moja, kwa sauti ndogo. Mwanamkuu hakugeuka, bi harusi hageuki. Alipeleka mkono wake wa kushoto nyuma, ukapita baina ya mapazia, ukabaki huko. Wanawake walipanda, wakamtazama, wakamtunza pesa, wakashuka. Mkono haukurudi.

Wiki iliyofuata Bi Zuhura alikuja ofisini mwenyewe. Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba radhi, akanizuia baada ya machache.

"Niliingia kwenye kupamba kwa binti yangu na sikubebwa na mtu," alisema. "Uliyoyaandika yalikuwa kweli. Ila nguo yangu niliivalia mapazia."

"Nifanye nini, bibi?"

"Andika mlango ule hufunguliwa lini, na kwa nani. Jina langu liache. Na siku ile ungenipigia nikiwa bado Likoni, mzee. Ningekuja hivyo hivyo. Lakini ningekuja najua."

Tuliandika sahihisho. Bwana Kombo alitaka liwekwe ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, si pembeni chini ya matangazo. Ukurasa wa matembezi nikauomba uende kwa Rukia. Alikuwa akiingia kila mahali watu wakiwamo, kelele zikiwamo, na hakupata kumtuma mtu mahali ambapo hakuingia kwanza yeye au mwenye hali kama ya mtu huyo. Mkiwa na mlango msioweza kuupita, mtafuteni anayeupita, mumngoje, hata kama mpiga chapa anagonga meza. Mimi nilirudi kwenye mapishi, nikayaandika mpaka mwisho.

Picha za siku ile zipo. Sijaziona, wala sitaziona, kwa kuwa ni picha za kupamba na hazionyeshwi wanaume. Rukia alizitazama nyumbani kwa Bi Zuhura akiwa pamoja na wageni wengine. Mmoja wao, bibi mmoja wa upande wa bwana harusi ambaye siku ile hakuwapo, alizifungua zote, akazirudia, kisha akauliza taratibu bi harusi alipoteza mkono wake lini. Bi Zuhura alikuwa palepale kwenye kiti chake akimimina kahawa.

"Haukupotea," alisema. "Nilikuwa nao mimi."